Kichwa gani cha tripodi kinafaa kwa milango ya Mji Mkongwe?

Mkaazi wa Mkunazini:
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Ninapiga picha za milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, kazi niliyoianza kwa mapenzi tu na ambayo sasa nimekusudia kuimaliza mtaa kwa mtaa, kuanzia Mkunazini hadi Malindi, kabla mbao nyengine hazijaliwa na mvua na mchwa. Tripodi yangu ina miguu imara, lakini kichwa chake, yaani kile kifaa cha juu kinachoshika kamera, ni kile kidogo cha gololi kilichokuja pamoja nayo, na hicho ndicho kinachonitaabisha. Nikiilaza kamera ubavu ili mlango mzima uenee kwa urefu, nikakaza kirungu kwa nguvu zangu zote, basi nikiachia mkono tu kamera huinama kidogo. Juzi nilihakikisha kwamba mfaa, ule mti wa wima wa katikati ya mlango, umesimama katikati ya picha na kizingiti cha juu kimeonekana chote, lakini niliporudi nyumbani na kuitazama picha kwenye kompyuta nilikuta mfaa umelala upande, na yale maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa juu ya mlango yamekatika nusu.

Kamera na lenzi kwa pamoja zina uzito wa kilo 1.6 hivi, na kichwa kimeandikwa kwamba kinabeba kilo 5. Je, kosa ni langu au ni la kichwa? Nina uwezo wa kununua kimoja tu, na mara moja moja huenda Pemba kupiga picha za popo.

Fundi Picha, Malindi:
Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Kosa si lako, ila ile namba ya kilo ndiyo iliyokupoteza. Kila kiwanda hupima kwa njia yake, na mara nyingi uzito unaotajwa ni ule uliokaa sawasawa juu ya kichwa. Wewe unapoilaza kamera ubavu, uzito wake hautui tena juu ya tripodi bali unaning'inia pembeni. Ndoo ya maji unayoichukua kichwani bila ya taabu, ukiinyoosha pembeni kwa mkono mmoja itakushinda kabla hujafika mlangoni, na maji hayakuongezeka hata tone.

Kwa milango mimi nakushauri ununue kichwa cha mikono mitatu. Gololi ukiilegeza, kila kitu kinalegea kwa wakati mmoja: umeshaweka mfaa wima, unataka kuinua kamera kiduchu tu ili upate kizingiti, na kwa kuinua huko mfaa unapinda tena, ukaanza upya. Katika kichwa cha mikono mitatu, mkono mmoja unainua na kuinamisha, wa pili unalaza kushoto na kulia, wa tatu unazungusha, na ukigusa mmoja ile miwili mengine hubaki pale ulipoiacha. Kuna aina iliyo bora zaidi, ambayo badala ya kulegezwa husogezwa kwa vigurudumu vya meno, unywele kwa unywele; lakini hiyo ni nzito na bei yake ni kubwa, nami sioni kama kazi ya kutembea mitaani kutwa nzima inaihitaji.

Jambo jengine, usiinamishe kamera juu kutafuta kizingiti. Ukifanya hivyo, miimo miwili itaonekana inakutana juu kama paa la kibanda, na kichwa chochote utakachonunua hakitakusaidia. Nyanyua tripodi kwa miguu yake mpaka lenzi ifikie usawa wa katikati ya mlango, kisha weka pima maji ndogo juu ya kamera na uifuate hiyo kuliko jicho lako, kwa sababu kuta zetu za mawe na chokaa zenyewe hazikunyooka.

Binti wa Chake Chake:
Kaka, namheshimu Fundi na maelezo yake kuhusu milango ni sahihi, ila kwa vichochoro vya hapo mjini nina wasiwasi na ile mikono mitatu. Inatoka nje, inakwama katika mkoba, na anapopita mtu na baiskeli au mkokoteni hukosi kugongwa. Mimi natumia kichwa cha gololi kubwa, chenye kirungu kimoja cha kukazia na kingine kidogo cha kupunguza mkazo, ili gololi isiporomoke ghafla ninapoilegeza. Muhimu kuliko vyote, kamera yangu ina kibati cha umbo la L: nikitaka picha ya wima naitoa kamera na kuisimamisha kwa ubavu wake juu ya kichwa, na uzito unabaki katikati. Huenda kibati hicho peke yake kikakutatulia nusu ya tatizo hata kwa kichwa ulichonacho.

Kuhusu popo, wale wa Kidike, huku kwetu Pemba, mchana wananing'inia mitini, kwa hiyo kichwa chochote kilicho imara kitatosha. Kile cha gimbali, ambacho lenzi ndefu hukaa kwa mizani na kusogea kwa kidole, ni cha anayefuata ndege au popo warukao kila siku. Usikinunue kwa safari mbili kwa mwaka.

Na usinunue bila ya kujaribu. Chukua kamera yako dukani, funga lenzi yako nzito kabisa, lenga kitu kidogo kama kichwa cha msumari, kuza picha katika kioo, kaza, kisha achia mkono. Msumari ukishuka, kirudishe kichwa hicho mahali pake.

Mzee wa Nungwi:
Nyongeza fupi. Angalieni skrubu: juu ya miguu mingi ni ya inchi 3/8, na ile inayoingia katika kamera ni ya inchi 1/4. Tafuta kichwa kinachopokea vibati vya kufungia kamera vya mtindo wa Arca-Swiss, maana hivyo vinapatikana kwa watengenezaji wengi na kile cha L kitaingia humo humo. Ukitoka pwani futa kichwa kwa kitambaa kilicholowanishwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kisha kikavu, na wala usipake grisi juu ya gololi. Grisi hushika mchanga, na mchanga huikwaruza.

Mkaazi wa Mkunazini:
Ahsanteni sana, wazee wangu na dada yangu. Nilianza na kibati cha L juu ya kichwa changu cha zamani, na kamera haikulala tena upande, lakini msumari bado ulishuka kidogo kila nilipoachia mkono. Kwa hiyo nimenunua kile cha mikono mitatu, kilichotumika, chenye mikono mifupi inayofunguka na kuingia mfukoni. Leo alfajiri, kabla watu hawajatoka, nimerudi katika mlango ule ule. Mfaa umesimama wima, na maandishi yanasomeka yote.