Tupeane uzoefu: mechi ya StarCraft iliyokuuma mpaka leo

Kaka wa Bugembe
Wakuu, habari za jioni. Jana nilipita Wandegeya nikakuta kile chumba tulichokuwa tukichezea kimegeuka saluni. Waya za LAN, za kuunganisha kompyuta, bado zimo ukutani, wamezipaka rangi juu yake. Nilisimama pale mpaka dada wa saluni akaniuliza kama nataka kunyoa. Basi nimeona nifungue uzi: mechi gani ya StarCraft ilikuuma hujaisahau? Naongelea ule mchezo wa vita wa kompyuta, ile ya kwanza ya 1998, na Brood War, nyongeza yake iliyofuata mwaka huohuo: unachagua kabila moja kati ya matatu, Terran, Zerg au Protoss, unachimba madini, unajenga kambi, unamvamia mwenzako. Mliopitia vyumba vile hamna haja ya kuelezwa: mashine zimebanana, feni moja, sidii inatoka mkono hadi mkono, na mtu yuko mlangoni anauliza nani anatoka.

Yangu ni fupi. Mimi Protoss, mdogo wangu wa tumbo moja Zerg. Gateway yangu, jengo la kutoa askari, bado inajengwa, Zergling sita, askari wake wadogo wa mbio, wakaingia kwenye madini, Probe, wachimbaji wangu, zikaanza kufa mojamoja. Sikumsemesha mpaka kesho yake.

Zerg wa Arua
Sita wale ndio dawa. Spawning Pool, jengo linalowaruhusu, kwanza, mengine baadaye.

Mama Pylon
Huo si mchezo, ni ujambazi. Mtu hajapata hata askari mmoja.

Zerg wa Arua
Dada, nani alisema tusubiriane?

Mama Pylon
Ngoja niseme yangu, maana umenitibua. Nyumbani Bombo, kompyuta mbili za kaka yangu, waya mmoja kati yake. Siku ile nilikuwa Terran. Bunker mbili mlangoni, kila moja na askari Marine wanne ndani, nyuma vifaru vya Siege Tank vimeshajikita chini. Nimefunga, hapiti mtu. Mara SCV, wachimbaji wangu, zinalia kwenye madini. Naangalia, adui hayupo. Hewa tu inachezacheza, na SCV zinapasuka. Dark Templar, askari wa Protoss asiyeonekana bila kitu cha kumfichua! Comsat, rada ya kufichua, ndiyo kwanza imemaliza nguvu zake, na Turret, mnara wa kufichua, sina. Kilichoniuma si kufa. Vijana wote walikuwa wamesimama nyuma ya kaka, wanamwona yule Dark Templar kwenye skrini yake, wanacheka, na chumbani humo nisiyemwona ni mimi peke yangu.

Mjukuu wa Afande
Pole sana dada. Turret mbili penye madini, moja mlangoni, siku zote. Ni madini 75 tu kwa moja, mbona si hasara.

Zerg wa Arua
Msimdanganye. Turret ni kumwaga madini. Atengeneze Science Vessel, inaona kila kitu na inatembea na jeshi.

Mjukuu wa Afande
Science Vessel itatoka lini? Wakati huo keshazikwa.

Fundi Swichi
Naombeni nafasi wakuu, hii sijawahi kuiandika popote.

Ni Jinja, 2006. Mnaukumbuka mwaka ule. Maji ya Ziwa Victoria yameshuka, mabwawa hayatoi umeme wa kutosha, mgao nchi nzima, leo upo kesho haupo. Sisi tunaishi jirani na bwawa la Nalubaale lenyewe na bado tunakula kwa mshumaa. Vijana tukachanga tukakodi ukumbi, tukaandaa mashindano. Viingilio vyote kwenye bahasha moja, mshindi anaondoka nayo pamoja na kreti ya soda. Waya zote nilizivuta mimi. Kila kichwa cha waya nilikibana kwa koleo langu, rangi kwa rangi, mpaka kidole gumba kikaota lengelenge. Jenereta ilikuwa nje, mafuta ya kupimia, tukakubaliana isiguswe mpaka umeme uondoke.

Nikafika fainali. Ramani Lost Temple. Mimi Protoss, mwenzangu Terran, kijana tuliyekua naye. Tulicheza mpaka madini ya nyumbani yakakauka, kila mtu amehamia kambi za nje. Nilikuwa na Carrier sita, meli kubwa za angani, kila moja imejaa vindege Interceptor nane, na Goliath zake, mashine za kutungua ndege, zilikuwa zinapungua kila tukikutana. Watu walishaanza kunipiga mabegani. Mara spika zote zikatoa ile sauti ya kike inayotangaza kombora la nyuklia.

Ukumbi ukasimama. Mnajua kazi inayofuata: nukta nyekundu. Ghost, askari wa kuelekeza kombora, haonekani, lakini yuko karibu, anamulika, na lazima amalize kumulika ndipo kombora lishuke. Ukimuua kabla, kombora limepotea. Nikatuma Observer, chombo cha kumfichua. Nazungusha kipanya juu ya kambi, jasho linadondokea kibodi, nyuma yangu kila mtu anapiga kelele za kwake, kushoto, kulia, chini. Nukta nikaiona. Ndogo, pembeni ya Pylon, nguzo ya umeme iliyokuwa inalisha Stargate zangu, majengo ya kutoa Carrier. Observer ikafika, Ghost akatokeza, askari wangu wawili wa Dragoon wako pale pale. Nikabonyeza waue.

Umeme ukakatika.

Feni ikazunguka mizunguko ya mwisho ikanyamaza. Giza ukumbi mzima, isipokuwa skrini moja. Mwenzangu alikuja na UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ameiweka miguuni, inalia pii, pii. Uso wake tunauona wa bluu. Kwenye skrini yake limetokea lile dirisha la kumsubiri mchezaji aliyekatika, lenye jina langu, na sekunde zinashuka. Nikamwambia, "Ndugu yangu, acha hivyo hivyo, jenereta ikiwaka tuirudie." Nje tunamsikia jamaa anavuta kamba, jenereta inakohoa, inazima. Sekunde zikaisha, kitufe cha kumtoa mchezaji kikakubali. Akaniangalia. Akabonyeza.

Bahasha aliondoka nayo usiku uleule. Kreti akaigawa. Soda yangu niliiacha mezani.

Mama Pylon
Mungu wangu. Hapa nimeshindwa kuendelea kupika.

Zerg wa Arua
Aisee.

Mjukuu wa Afande
Nitasema ukweli hata mkinichukia. Aliyekuja na UPS alijiandaa. Mwaka wa mgao unakuja fainali bila UPS? Vita ni maandalizi, babu yangu alinifundisha hivyo.

Mama Pylon
Babu yako alikufundisha kumpora ndugu gizani?

Mjukuu wa Afande
Babu usimguse, dada. Nimesema habari ya UPS.

Kaka wa Bugembe
Jamani taratibu. Fundi, sikujua ni wewe! Mimi nilikuwa ukumbini siku ile, nimepanda juu ya benchi la pembeni. Ila kwa heshima zote, nionavyo mimi Ghost alikuwa amemaliza kumulika. Kombora lilikuwa njiani.

Fundi Swichi
Kaka, hapana. Dragoon walikuwa wameshafyatua.

Kaka wa Bugembe
Kufyatua ni kitu kimoja, risasi kufika ni kingine. Dragoon risasi yake ni ya kusafiri.

Mgeni wa Makerere
Hodi wenyeji, mimi ni wa Tanga, nipo Kampala kimasomo. Hii kesi ina mfano mkubwa kabisa. Januari 2010, Korea Kusini, fainali ya MSL, ligi ya StarCraft ya televisheni, Flash wa Terran na Jaedong wa Zerg. Wamefungana 1-1, mchezo wa tatu unaendelea, umeme ukakatika katikati ya matangazo ya televisheni. Waamuzi hawakuirudia mechi. Walitazama nani alikuwa mbele, wakampa Jaedong, na akamaliza 3-1. Mashabiki wanabishana mpaka leo. Kwa hiyo hata kwa Wakorea waliokuwa wakilipwa mshahara kucheza, swali lilikuwa moja tu: nani alikuwa mbele?

Fundi Swichi
Asante sana mgeni! Carrier sita kwa Goliath zinazokwisha. Nani alikuwa mbele?

Mjukuu wa Afande
Korea kulikuwa na waamuzi. Jinja mlikuwa na mwamuzi? Basi.

Zerg wa Arua
Na kombora likishuka? Carrier zipo, ila Nexus, makao makuu, imekwenda.

Mama Pylon
Wewe unacheza Zerg tu ndiyo maana. Nexus haifi kwa kombora moja. Tuseme hata Pylon ife: Stargate zote zinazima, ni kama nyumba iliyokatiwa umeme nguzoni. Asingeweza kuongeza Carrier mpya, lakini sita alizonazo zinaruka, zinapiga. Angeshinda.

Fundi Swichi
Dada, Mungu akubariki. Nimesubiri miaka mtu aseme hivyo.

Mjukuu wa Afande
Haya, tuseme angeshinda. Lakini mashine yake imeshazima. Mwenzake abonyeze asibonyeze, mechi imekufa.

Fundi Swichi
Mechi imekufa, hilo nakubali. Mimi nalia na bahasha. Tungegawana nusu kwa nusu, au turudie kesho yake. Tulikuwa tunakula kwenye sufuria moja na yule.

Mgeni wa Makerere
Ushauri wangu kwa wanaoandaa siku hizi: laptopu tupu, betri zijae, na swichi ya LAN, kisanduku cha kuunganishia waya, nayo iwe kwenye UPS. Watu wanasahau swichi.

Zerg wa Arua
Laptopu vidole vinabanana. Mashine ya mezani na jenereta nzuri, basi.

Mama Pylon
Mimi ushauri wangu ni kanuni ziandikwe kabla na zisomwe kwa sauti. Umeme ukienda, mikono juu ya meza.

Kaka wa Bugembe
Halafu vijana wananiuliza kwa nini sihami kwenda StarCraft II. Ile ya 2010 haikuja na LAN, inataka intaneti. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, sisi tulitandika waya sebuleni, toleo la zamani la 1.16, tukacheza mpaka ilipowashwa. Jirani mwenye ile mpya alikuja kutazama siku ya kwanza, siku ya pili akaja na kompyuta yake.

Zerg wa Arua
Hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili.

Chipukizi wa Mbale
Shikamooni. Mimi ndiyo naanza, nimeona ile ya zamani inatolewa bure tangu 2017. Nianze na kabila gani?

Mama Pylon
Marahaba mwanangu. Protoss. Majeshi machache, yana nguvu, utajifunza bila presha.

Mjukuu wa Afande
Terran. Na Turret usisahau.

Zerg wa Arua
Zerg. Sita wale, mapema. Ukishindwa, dakika tano umeshaanza nyingine.

Fundi Swichi
Yoyote. Ila mfahamu vizuri unayecheza naye. Ukija Jinja nitafute, waya nitakubania mwenyewe.