Jumamosi ni ya matanga

*Kompyuta Mtaani, Manyatta*

Katibu 19:04: Hamjambo wote. Zimebaki siku kumi kabla ya mkutano wa klabu yetu ya kompyuta na hatuna saa wala mahali. Napendekeza Jumamosi saa nane, pale pale gereji kwa Baba Atieno. Asiyejibu nitahesabu amekubali.

Mama Riziki 19:06: Katibu, Jumamosi gani ya Kisumu haina matanga? Mara ya mwisho tulikuwa watatu, na mmoja alikuja kuchaji simu tu.

Fundi Odhis 19:06: huyo alikuwa mimi 😂

Mama Riziki 19:07: Najua.

Mwalimu 19:11: Basi Jumapili. Ni siku kubwa ya soko Kibuye. Mtu akitoka kanisani anapitia huko, anachambua memori na kebo za mtumba, anakuja nazo tuzipime papo hapo.

Kevo 19:13: Jumapili sawa. Gereji ndio zii. Kibodi yangu ilirudi nyumbani na grisi.

Baba Atieno 19:15: Kijana, nimewahi kukulipisha?

Mwalimu 19:16: Kevo, ile klabu ya Homebrew kule California ilianzia kwa gereji ya mtu, Menlo Park, Machi 1975. Wozniak, yule mwanzilishi mwenza wa Apple, alikuwepo.

Kevo 19:17: Na kulikuwa na jamaa ananyoosha bodi ya matatu kwa nyundo hapo kando?

Baba Atieno 19:19: Jumapili nyundo zimelala. Shida yangu ni stima. Kompyuta sita kwa ekstensheni moja, tokeni zikaisha, mkaenda zenu. Nilikula omena kwa tochi.

Katibu 19:20: Pole mzee. Kila mtu 50 za tokeni kabla ya Jumamosi jioni. Ajenda: nilifikiria tuzungumzie akili unde.

Mama Riziki 19:22: Tena maneno matupu? Watu wanauliza watafanyaje na mashine zinazokataa Windows 11, maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Odhis, waambie ulichonifanyia.

Fundi Odhis 19:23: Mama, si tuliyamaliza hayo

Mama Riziki 19:23: Sema.

Fundi Odhis 19:29: Sawa. Mashine ya mezani pale saiba yake, kila tovuti inasema si salama. Nikamwambia ni hiyo Windows 10, imezeeka. Nikafuta kila kitu, nikaipanga upya usiku kucha. Asubuhi ni yale yale. Nikalaumu modemu. Mtoto wake akasimama nyuma yangu na chai, akauliza, "Anko, mbona hapa chini imeandikwa 2009?"

Kevo 19:30: 😂😂😂 woi

Fundi Odhis 19:33: Kibetri cha CR2032, kile cha duara ndani ya mashine kinachotunza saa, kilikuwa kimekufa. Mita ilisoma volti 1.8 badala ya 3. Mama huzima kila kitu ukutani jioni, kwa hivyo kila asubuhi saa inaanza mwaka wa zamani. Sasa cheti cha tovuti, kile kinachothibitisha ni yenyewe, kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Mashine ikidhani ni 2009, inaona cheti cha leo bado hakijaanza. Inakataa.

Mama Riziki 19:34: Na risiti zangu za miaka miwili zilikuwa humo. Kibetri nilinunua 50.

Mwalimu 19:36: Hiyo ndiyo ajenda. Kupima kibetri, kisha kuhifadhi faili kabla ya kugusa chochote. Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, ifuate kwa zile zilizoshindwa kabisa na Windows 11. Nani ataipakua? Ni karibu giga 3, bando langu haliwezi.

Mama Riziki 19:37: Nitaiacha ikishuka usiku hapa saiba. Leteni flashi za giga 8, zikiwa tupu. Sitaki picha za harusi za mtu.

Katibu 19:40: Imepita. Jumapili saa nane, gereji, 50 kila mtu. Odhis aje na mita.

Kevo 19:41: saa nane ya kawaida ama ya kile kibetri?

Baba Atieno 19:42: Saa nane na nusu nafunga geti.