OFBiz: moduli zing'olewe kwenye fremuweki au ziachwe?

Mleta mada, Mbeya
Wakuu, kuna hoja imetugawa hapa Mafiati, naileta kwenu. Apache OFBiz, programu huria ya biashara iliyoanza 2001, ukiishusha inakuja na kila kitu: fremuweki yenyewe, yaani msingi unaobeba kila kitu, na juu yake moduli za uhasibu, mauzo, bidhaa na stoo, uzalishaji, rasilimali watu, masoko. Je, hizo moduli zitenganishwe, mtu achukue anazotaka, au ziendelee kuja kifurushi kimoja?

Mimi nasema zitenganishwe, ila si zote. Juzi nafunga mfumo kwenye duka la pembejeo Uyole. Mzee anauza mbolea, mbegu za viazi na dawa za ukungu, ana vijana watatu. Kufungua skrini, menyu zimejipanga: uzalishaji, masoko, rasilimali watu. Akanitazama: "Kijana, mimi nina kiwanda?"

Nikaingia kwenye component-load.xml, faili linaloorodhesha moduli za kupakia, nikaanza kuzima mistari ya asizohitaji. Kwa ujuaji wangu nikazima na wa uhasibu, maana mzee ana mhasibu wake wa Excel. Gradle, chombo cha kuijenga programu, ikagoma hata kukompaili! Msimbo wa mauzo unaita wa uhasibu moja kwa moja, na ankara ya oda inatengenezwa na huduma iliyoko huko huko uhasibuni. Bidhaa, mauzo na uhasibu ni mafiga, hayo yaacheni. Ila rasilimali watu na masoko yanabaki pale kwa kazi gani?

Mhasibu, Iringa
Kamwene wadau. Kaka, umejipa kazi bure. Menyu za OFBiz zinafuata ruhusa za mtumiaji: mnyime mzee ruhusa ya uzalishaji, haioni tena. Dakika kumi hizo, chai haijapoa.

Mkitenganisha, nani atahakikisha toleo hili la stoo linaelewana na lile la uhasibu? Wanaoutunza mradi wengi wanajitolea. Leo wanapima kitu kimoja, kesho mnataka wapime vipande sita na namna zote vinavyoweza kukutana.

Mchangiaji, Njombe
Dada, kuficha menyu si kufunga mlango. Desemba 2023 lilitangazwa tundu la usalama lenye namba CVE-2023-49070: mtu wa nje aliweza kuendesha msimbo wake kwenye seva bila hata nywila. Sababu ni XML-RPC, njia ya programu kuitana kupitia mtandao, kipande kisichotunzwa tena lakini bado kimo. Dawa ya toleo 18.12.10 ilikuwa kukitoa. Uwe ulikitumia au hukuwahi kukisikia, ulikuwa wazi vilevile. Usichokitumia kisikae kwenye seva yako.

Mhasibu, Iringa
Mfano mzuri, umeuweka pasipo pake. XML-RPC ilikuwa ndani ya fremuweki, si kwenye moduli. Mngetenganisha moduli zote na tundu lingebaki palepale.

Mchangiaji, Mafinga
Haya mambo yameshafanyika kwa jirani. ERPNext, programu huria nyingine ya biashara, kwenye toleo la 14, mwaka 2022, waliitoa rasilimali watu na mishahara ikawa Frappe HR, programu inayojitegemea. Afya na elimu nazo zikahamishwa. Kazi inaenda. Lakini aliyepandisha toleo bila kusoma maelezo alikuta mishahara haipo kwenye menyu mpaka asakinishe Frappe HR. Fikiria hiyo ikukute tarehe 28.

Mleta mada, Mbeya
Kwenye XML-RPC nimenyoosha mikono, mhasibu yuko sahihi. Ila hofu ya kuvunja kila kitu mnaikuza. OFBiz wenyewe walishahamishia plagini, yaani programu za kuongezea, kwenye hazina yake ya msimbo, na duka la mtandaoni limo humo. Halafu fasili za majedwali ya moduli zilishakusanywa sehemu moja, inaitwa datamodel. Kwa hiyo rasilimali watu ikihama, majedwali yanabaki, zinazoondoka ni skrini na huduma zake. Waanze na hiyo na masoko, waone. Uhasibu sigusi tena, nilishaungua.

Mzee wa Uyole nilimfanyia ile ya ruhusa, kweli dakika kumi. Jana kanipigia: ile ya kiwanda umeipeleka wapi? Mwanawe anataka kuanza kukaanga krispi za viazi na kuzipaki.