Saratani ya ini: picha ya CT inatosha, au kinyama kichukuliwe?

Mleta mada: Wanajamvi, msimamo wangu ni huu: mgonjwa wa saratani ya ini anayeweza kuchomwa sindano kwa usalama achukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara. Leo picha pekee inaruhusiwa kutoa jibu: uvimbe unang'aa dawa ya kuonyesha picha inapopita kwenye ateri, kisha unafifia kuliko ini lililouzunguka. Lakini kanuni hiyo ni ya watu wazima wenye ini lenye makovu au homa ya ini B sugu. Kijana mwenye ini zima hayumo, na huenda ana fibrolamela, aina adimu ya saratani ya ini: chini ya hadubini, seli kubwa za waridi zilizotenganishwa na mistari ya kovu. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba ndani yake jeni mbili zimeungana, DNAJB1 na PRKACA.

Hata wenye homa ya ini B hawafanani. Kuna uvimbe ambao seli zake zimejipanga kwa nguzo nene, jeni TP53 inayozuia saratani imeharibika, AFP (protini ya damu inayopimwa kwa saratani hii) iko juu, na huvamia mishipa ya damu mapema. Mwingine una badiliko la jeni CTNNB1 na seli zake bado zinafanana na za ini la kawaida. Wote wanaandikiwa "saratani ya ini", basi.

Na sisi walaji wa mahindi na karanga? Sumukuvu huacha alama kwenye kodoni (herufi tatu za jeni) ya 249 ya TP53, jambo linalojulikana tangu 1991.

Mchangiaji: Ndugu, wodini wengi wanafika tumbo limejaa maji, damu haigandi. Uchambuzi wa 2008 ulikadiria kuwa karibu wagonjwa 3 kati ya 100 saratani huota kwenye njia ya sindano. Dawa za saratani hii, atezolizumabu na bevacizumabu, hutolewa bila kuuliza seli zimejipangaje. Hiyo alama ya sumukuvu ilishaonekana kwenye damu ya wagonjwa Gambia, mwaka 2000. Familia iuze ng'ombe kwa ajili ya nini?

Mleta mada: Mwenye maji tumboni asiguswe, ndiyo maana nikasema kwa usalama. Ila uvimbe mchanganyiko, wa seli za ini na za mirija ya nyongo, unaweza kujificha kwenye picha kama saratani ya ini ya kawaida, na matibabu yake hayalingani. Na aliyekwisha kupasuliwa, uvimbe wake uko tayari kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia. Kwa nini ripoti iishie mstari mmoja? Vipimo vya jeni vilipwe na bajeti ya utafiti, si ng'ombe wa familia. Hapo bado unapinga?