Vijenzi vya uzito vinazidi uzito wenyewe: kosa liko wapi?

Muulizaji: Habari zenu, wanajukwaa. Nina mazoezi mawili yanayonisumbua. La kwanza linahusu sanduku lenye tungamo la kilogramu 20 lililotulia juu ya ubao ulioinama kwa digrii 30. Nikichukua g (mchapuko unaosababishwa na mvutano wa Dunia) kuwa 9.8 m/s², uzito wake ni nyutoni 196. Nimeugawa katika vijenzi viwili, nikapata nyutoni 98 sambamba na ubao na takribani nyutoni 170 zinazoukandamiza ubao. Nikijumlisha napata 268, yaani sehemu zimekizidi kitu kizima! La pili linataka uzito wa sanduku hilohilo likiwa kilomita 400 juu ya uso wa Dunia. Nilipoweka umbali huo katika kanuni ya Newton ya mvutano nilipata karibu nyutoni 50,000, jibu ambalo hata mimi mwenyewe silisadiki.

Jibu la kwanza: Vijenzi vyako ni sahihi, ulipokosea ni kuvijumlisha kana kwamba ni skala, yaani viasi visivyo na mwelekeo. Kwa kuwa vinakutana kwa pembemraba, vinajumlishwa kwa kanuni ya Pythagoras: 98² + 170² ni 38,504, na kipeuo chake cha pili ni takribani 196, uzito uleule ulioanza nao. Katika mchoro, mshale wa uzito uelekezwe wima chini, hata ubao ukiinama kiasi gani, na ukishachora vijenzi ufute mshale huo, la sivyo utauhesabu mara mbili. Nimewasahihishia wengi kosa hili, na karibu wote walikuwa wanajua sini na kosini vizuri kabisa.

Jibu la pili: Kuhusu zoezi la pili, umbali katika kanuni ile hupimwa kutoka kitovu cha Dunia, si kutoka usoni pake. Nusukipenyo cha Dunia ni takribani kilomita 6,370, kwa hiyo umbali wako ni kilomita 6,770. Huhitaji hata thamani ya G (namba isiyobadilika katika kanuni hiyo) wala tungamo la Dunia: chukua uwiano wa 6,370 kwa 6,770, uuzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa nyutoni 196.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nimepata takribani nyutoni 174. Lakini ikiwa uzito umepungua kidogo tu namna hiyo, mbona wanaanga walio kwenye kimo kama hicho wanaelea?

Jibu la pili: Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja kwa mchapuko uleule, huku mwendo wao wa kando ukiwa mkubwa kiasi cha kuwafanya waendelee kuizunguka Dunia badala ya kuifikia. Sakafu haiwasukumi, na mizani, ambayo kwa kweli hupima msukumo huo wa sakafu wala si mvutano wenyewe, ingesoma sifuri ingawa Dunia bado inalivuta sanduku lako kwa nyutoni zote hizo 174.