Mjomba ana saratani ya zoloto na miguu imeisha nguvu: ni maradhi mawili au moja?

BintiUjiji: Shikamooni wakubwa zangu. Mjomba wangu, mvuvi wa dagaa hapa Ujiji mwenye umri wa miaka 61, aliyevuta sigara tangu ujanani, alianza mwezi wa tatu kushindwa kuinuka kwenye kigoda bila kujisukuma kwa mikono, na mdomo ukawa mkavu hata akiwa ametoka kunywa maji. Zahanati tuliyompeleka kwanza ilisema ni uzee. Sauti ilianza kukwaruza miezi miwili baadaye, na kinyama kilichokatwa kwenye zoloto kimeonyesha saratani ya seli ndogo. Tumepewa rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, lakini kuhusu miguu hakuna aliyetueleza lolote. Je, mambo haya yana uhusiano?

TabibuMstaafu: Marahaba, mwanangu. Yanaweza kuwa na uhusiano wa karibu sana. Saratani nyingi za zoloto ni za seli bapa. Za seli ndogo hazifiki hata asilimia 1, na ndiyo maana wengi wetu hustaafu bila kuziona. Seli hizo hubeba vijilango vya kalsiamu vinavyofanana na vile vilivyo kwenye ncha za mishipa ya fahamu, hivyo kingamwili ambazo mwili umezitengeneza kuushambulia uvimbe huvishambulia na vya mishipa, na amri ya kukaza msuli hufika ikiwa hafifu. Hali hiyo huitwa Lambert-Eaton, kwa majina ya madaktari wa Marekani walioieleza mwaka 1956. Miguu na ukavu wa mdomo huweza kutangulia saratani yenyewe kugunduliwa. Daktari akigonga goti kwa nyundo, mguu hukaa kimya. Mgonjwa akikaza paja kwa sekunde kama 10 kisha akagongwa tena, mara nyingi mguu huruka. Kifua nacho kipigwe picha, kwa kuwa chanzo cha kawaida cha saratani hiyo ni mapafu.

MzeeWaReli_Tabora: Ya mke wangu ilikuwa nyuma ya pua. Alianza kuona vitu viwiliviwili, tukabadilisha miwani mara mbili (fedha ya bure), kumbe uvimbe ulikuwa umeubana mshipa wa fahamu unaogeuza jicho upande wa nje.

TabibuMstaafu: Pole, mzee mwenzangu. Hiyo ni njia nyingine: uvimbe wenyewe hugandamiza mshipa, wala si kazi ya kingamwili. Binti, nimesahau jambo kubwa: kabla ya upasuaji wowote, daktari wa usingizi aelezwe habari ya miguu, kwa kuwa dawa za kulegeza misuli humzidi nguvu mgonjwa wa namna hii na pumzi huchelewa kurudi.

BintiUjiji: Nguvu zitarudi?

TabibuMstaafu: Uvimbe ukiitikia dawa na mionzi, kwa wengine hurudi kwa kiasi, na ipo dawa ya vidonge, amifampridini, inayosaidia amri kufika kwenye msuli. Wataamua wao baada ya kupima mishipa.

BintiUjiji: Ahsante sana, baba. Habari ya kigoda, pamoja na mwezi ilipoanza, nimeiandika kwenye karatasi na kuibana juu ya barua ya rufaa.