Mnaowatukana waandishi wa filamu na tamthilia wa Marekani kwa kugoma mwaka 2023, njooni Kigoma muone kazi isiyo na mkataba

Wakuu, nimechoshwa na wapenzi wa season wanaodai waandishi wa Marekani walitunyima uhondo kwa tamaa zao. Stranger Things ya mwisho, season iliyocheleweshwa na mgomo huo, ilishaanza kutoka Novemba 2025, lakini hapa Mwanga, Kigoma, bado kuna watu wanawalaani kana kwamba wamedhulumiwa urithi.

Mnajua waligomea nini? Zamani kipindi kikirudiwa kwenye televisheni, aliyekiandika alipata chake. Zilipokuja huduma za kutazama mtandaoni, Netflix na wenzake, hela hiyo ikawa kiduchu hata kazi ikitazamwa dunia nzima. Na akili bandia nayo ikaanza kunyemelea kalamu zao. Wakaweka kalamu chini tarehe 2 Mei 2023, Julai waigizaji wakafuata. Siku 148 waandishi hawakupeleka hata ukurasa, na wakarudi na mkataba mnono kuliko ule wa mwanzo. Mafundi taa na madereva ambao ugomvi haukuwa wao waliumia, hilo silifichi.

Sasa huku kwetu. Mimi nilishika maiki kwenye tamthilia iliyopigwa Ujiji. Asubuhi mpaka usiku, malipo wali na dagaa, nauli ya bodaboda siku prodyuza akiamka vizuri. Mkataba? "Tunaaminiana, mdogo wangu." Tamthilia imerushwa, matangazo kibao, nikimpigia simu inaita mpaka inakata.

Na tuligoma pia, msidhani tulikaa kimya! Tulikaa chini ya mwembe tukasema hatuinuki bila hela. Kufika saa nane mchana vijana wameshaletwa kutoka Kibirizi, wanafundishwa pale pale namna ya kushika maiki. Kama uliona ile sehemu mama analia msibani ukasikia upepo wa ziwa tu, ndiyo hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mgomo: mgogoro unapelekwa kwanza kwenye usuluhishi, ukishindikana mnatoa notisi ya saa 48. Safi kabisa. Ila namgomea nani, wakati hakuna karatasi inayoonyesha niliwahi kuajiriwa? Prodyuza atasema hanijui, na chama cha kunisemea sina.

Wanasheria wa humu, meseji za WhatsApp za "kesho saa kumi na mbili uwe lokesheni" zinafaa kuwa ushahidi? Ninazo zote, sijafuta hata moja.